Kamba ya Nyumba ya Kwanza

Jua lilikuwa linaegemea vilima Yoramu alipotoka kambini, ubao wa kupimia begani, kwenda kuipima nyumba iliyojengwa na mwenzake.

Kazi ndogo tu. Kupima kuta, kuchungulia paa, kurudi. Angeweza kwenda asubuhi. Lakini asubuhi Sila angemwona, na Yoramu hakutaka Sila amwone ameinama mbele ya ukuta wake kama mtu anayeomba radhi.

Gari la moshi lilikuwa limefika Dodoma mwaka uliotangulia. Wajerumani walikwisha kujijengea nyumba za mawe, zikaezekwa bati. Wafanyakazi wa reli wao walijengewa safu moja ya vijumba vya matofali mabichi: vyumba viwili, mlango mmoja, dirisha la kutosha kupitisha kichwa, na juu miti iliyolazwa ikakandikwa udongo, bapa, kama tembe za Wagogo. Bati halikuwa lao. Bati lilitoka pwani na lilikuwa ghali.

Nyumba ya kwanza ya safu ile aliijenga Sila. Alipoimaliza aliomba mwenyewe ahamishiwe kazi ya mawe kule stesheni, wala hakueleza sababu. Zilizofuata akajenga Yoramu. Mvua za kwanza zikapiga. Nyumba za Yoramu zote zikapasuka, nyufa za kuingiza mkono. Ya Sila ikasimama kama ilivyo, haina hata ufa wa kupitisha unyoya.

Tangu siku hiyo Mzungu wa majengo alikuwa na neno moja mdomoni.

"Sila! Sila!"

Akipita kwenye matofali, Sila. Akiona ukuta umepinda, mbona Sila hakupinda. Yoramu na Sila waliingia jandoni mwaka mmoja, wakabatizwa Mvumi siku moja. Yoramu alikuwa anakumbuka hata leo jinsi padri alivyoushika mkono wa Sila kwa muda mrefu kuliko wake. Jambo dogo, lakini lilimkaa kifuani kama mwiba wa samaki. Na siku moja Ruthu mkewe, bila nia mbaya, aliupapasa ukuta wa nyumba ya kwanza akasema, "Laini kama shavu la mtoto." Yoramu hakula chakula cha jioni ile.

Sasa Mzungu alitaka safu ya pili, tena kwa gharama ndogo. Alikuwa anahoji kila mtu: udongo gani, miti gani, nani alikanyaga, nani alipima. Alimuuliza Sila, Sila akainama kutazama miguu yake. Ndipo akamwita Yoramu.

"Nenda kaipime nyumba ya kwanza. Uniambie ilijengwaje. Ukinijengea nyingine kama ile, wewe nyapara. Nyumba ya mwisho ya safu utakaa na mke wako."

Nyapara! Na nyumba! Ruthu alikuwa na mimba, wanakaa kwa mama yake Yoramu kule Ipagala, tembe moja na mbuzi, moshi umemchoma macho mpaka yamekuwa mekundu. Yoramu aliitaka nyumba ile kuliko kitu chochote. Na ndani kabisa, Mungu amsamehe, alitaka zaidi Sila aione akiwa amesimama nje.

Mchana alikuwa amemfuata Sila kwanza, stesheni, akamkuta anachonga jiwe.

"Mbukwa, fundi wa nyufa!" Sila akamwamkia akicheka. "Nasikia nyumba zako siku hizi mbuzi hawahitaji mlango."

"Mbukwa. Mzungu anataka kujua uliijengaje ile ya kwanza."

Kicheko cha Sila kikakatika.

"Kapime," alisema polepole. "Ila kapime mchana. Na ukikuta kitu kimetundikwa mle ndani, kiache hapo hapo."

"Kitu gani?"

"Kiache tu, ndugu yangu."

Yoramu akaondoka. Mtu mwenye hofu ya Mungu angesikia onyo. Yeye alisikia uchoyo. Kumbe siri ipo, tena imetundikwa!

*

Njiani, karibu na reli, alikutana na Athuman wa Kondoa, mchochea moto wa gari la moshi. Kambi nzima ilimwita Twiga kwa urefu wake. Ndiye aliyepewa nyumba ya kwanza ilipokamilika, na baada ya miezi michache akahama ghafla, akajenga kibanda cha majani kando ya tangi la maji.

"Shikamoo, Bwana Athuman."

"Marahaba. Unakwenda wapi na ubao wakati huu wa magharibi?"

"Nyumba ya kwanza. Kupima."

Athuman akasimama. Yoramu akaona kanzu yake inaburuza mavumbi, upindo umechanika kwa kukanyagwa. Kanzu ya kuazima, alifikiri.

"Sikufukuzwa na mtu mle, mwanangu. Nilitoka mwenyewe."

"Kulikuwa na nini?"

Athuman alitazama huku na huku.

"Mlango ule... nilikuwa nainama kuingia. Unakumbuka?"

"Nakumbuka. Ulikuwa unajigonga."

"Siku nilipoacha kuinama, nikahama."

Akaikusanya kanzu yake mkononi, akaenda zake kusali. Yoramu alimtazama kwa nyuma. Twiga gani huyu? Mabega yao yalikuwa sawa. Lakini macho ya jioni hudanganya, akajiambia, na Athuman anazeeka. Akashika njia.

*

Nyumba ya kwanza ilikuwa imefungwa kwa kamba ya ukindu. Alifungua. Mlango ulilia.

Harufu ikampokea. Harufu ya udongo mbichi... udongo uliochimbwa sasa hivi. Ilikuwa kiangazi kikali, upepo unapuliza vumbi jekundu, mwezi wa ngapi mvua haijadondoka. Lakini mle ndani palinukia kama shimo.

Nje alikwisha kupima kwa ubao wa Mzungu. Ndani mwanga ulikuwa umebaki kidogo, kipande cha wekundu dirishani. Na hapo, juu ya kigingi, akaiona.

Kamba.

Kamba ya magome iliyosokotwa vizuri, nyeusi kwa kushikwa. Imekunjwa kwa adabu, kama nguo ya mtu aliyesafiri.

Yoramu akaitundua. Ilikuwa baridi. Akaiweka kwenye ukuta, kona hadi kona. Ikaingia mara mbili sawasawa. Akaenda ukuta wa pili. Sawasawa. Chumba cha ndani, sawasawa. Akaisimamisha mlangoni, toka kizingiti mpaka boriti ya juu. Sawasawa, haikuzidi wala kupungua.

Akatabasamu gizani. Ndiyo siri yenyewe! Nyumba nzima imekatwa kwa kipimo kimoja, ndiyo maana kuta hazigombani. Wao wengine walipima kwa pima za mikono yao, leo mkono wa huyu, kesho wa yule, halafu wanashangaa nyufa. Sila mjanja. Sila mchoyo.

Ilibaki sakafu ya chumba cha ndani. Akaibana ncha moja ya kamba kwa jiwe kwenye kona, akarudi kinyumenyume akiinyoosha.

Shhh... Kamba ilisikika ikijiburuza sakafuni.

Akasimama. Sauti ikaendelea.

Shhh...

Kamba ikakaza mkononi mwake. Ikavutwa. Kidogo tu, kama mtu anayejaribu kama mwenzake ameshika vizuri.

"Sila?" Yoramu alinong'ona. "Acha mzaha, bwana."

Harufu ya udongo ikazidi, ikamjaa puani na kooni.

"Lala."

Ilikuwa sauti ya mtu mwenye udongo mdomoni. Haikuwa na hasira. Ilikuwa na uchovu.

"Lala... nipime."

Yoramu alitaka kukimbia. Alitaka kulitaja jina la Bwana. Alipojitambua alikuwa chali sakafuni, mikono imenyooka mbavuni, na hakukumbuka kulala.

Kitu cha baridi kikamgusa utosini.

Kikamgusa kisigino.

Kamba ikapita juu yake taratibu, pajini, tumboni, kifuani, puani. Ikavutwa. Ikakaa. Alisikia pumzi, au upepo dirishani, ikihesabu bila maneno. Halafu sauti ikaguna, kama fundi ambaye ubao umempungukia.

"Bado..."

Yoramu hakujua alivyofika nje. Alijikuta kwenye miiba, anahema, nyota za kwanza zimetoka. Kamba ilikuwa imejiviringisha kwenye mkono wake wa kulia.

Mlango ulikuwa wazi hatua chache nyuma yake. Angeweza kuitupa ndani kama nyoka na kwenda zake nyumbani. Aliinua mkono ili aitupe. Ndipo akaisikia masikioni, wazi kabisa, sauti ya Mzungu.

"Sila! Sila!"

Akaushusha mkono. Akaisukuma kamba ndani ya shuka lake.

Jioni ile alipiga magoti muda mrefu. Alimwomba Mungu amlinde yeye, na Ruthu, na mtoto aliye tumboni. Juu ya kamba hakusema kitu. Alijua akiitaja ataambiwa airudishe.

*

Safu ya pili ilijengwa kabla ya mvua. Nyumba zote Yoramu alizipima kwa kamba ile, peke yake, hakumwachia mtu ashike ncha. Shimo la zamani la udongo lilikuwa limekwisha, kwa hiyo walihamia upande wa vichuguu, wakabomoa vile vichuguu vya mchwa, wakachanganya na majani na mavi ya ng'ombe, wakakanyaga. Mzungu alipita akitikisa kichwa kwa kuridhika. Mvua zikaja, zikapiga usiku na mchana. Asubuhi Yoramu alizunguka safu nzima akipapasa kuta.

Hakuna ufa.

"Yoramu! Yoramu!" Mzungu akaita.

Jina lake mwenyewe! Alilisikia kama asali. Aligeuka upesi kutazama kama Sila yupo karibu amesikia.

Ruthu akahamia nyumba ya mwisho. Alilia kwa furaha, akazikandika kuta za ndani kwa mkono wake, akasugua sakafu mpaka ikang'aa. Yoramu alipigilia vigingi viwili, kimoja cha kibuyu cha maziwa cha Ruthu, kingine cha kamba. Mtoto akazaliwa mle mle, wa kiume, mwenye sauti. Bibi yake akaja kutoka Ipagala na uzi wa shanga nyeupe, akamfunga kiunoni, ukamkaa barabara.

"Huu ndio utakaotuambia kama anakua," bibi alisema. "Ukimbana nitakuja niulegeze. Mtoto wangu huyu atanichosha kwa safari!"

Wakacheka.

Siku zikaenda. Asubuhi moja Ruthu alisimama mbele ya ukuta, mkono juu.

"Baba nanihii, kwa nini umekipandisha kigingi changu?"

"Sijakigusa."

"Mbona sikifikii?"

"Umekaa vibaya." Akaenda amtundulie kibuyu. Alipounyoosha mkono ilimbidi asimame kwa vidole vya miguu.

Siku ile Yoramu alipigilia kigingi kipya, chini zaidi.

*

Sila alikuja kuwatazama mtoto alipokwisha kuanza kucheka. Alileta kuku amemfunga miguu.

"Mbukwenyi humu! Nimekuja kumwona fundi mpya."

Akainama kuingia. Yoramu aliyekuwa amesimama ndani aliliona lile. Sila aliinama. Yeye mwenyewe alikuwa ameuacha mlango ule ukimpita juu ya kichwa, na wote wawili tangu jandoni walikuwa wakisimama sikio kwa sikio. Hata sasa, akawaza. Hata urefu kanishinda.

Sila alimbeba mtoto, akamtania Ruthu kwamba amemzaa mzee maana hana nywele. Halafu macho yake yakapanda ukutani.

Akamrudisha mtoto polepole.

"Yoramu, toka nje."

Wakasimama nyuma ya nyumba.

"Nilikwambia uiache."

"Ulitaka siri iwe yako."

"Siri?" Sila alimkazia macho. "Siri ipi? Udongo wa kichuguu ndiyo siri! Nyumba ya kwanza niliijenga kwa udongo wa kichuguu, ninyi mkachimba bondeni kwenye mchanga. Mwaka huu wewe umechimba wapi?"

Yoramu aligeuka kutazama upande wa vichuguu.

"Na kamba?" aliuliza.

Sila aliishusha sauti.

"Alikufa kibarua mmoja, kule kwenye kuchimba njia ya reli. Mtu wa mbali, hakuna aliyejua kwao wala jina lake. Nikaambiwa nimpime kaburi. Nikampima kwa ile kamba, nikaikata sawa na urefu wake. Wewe unajua desturi. Kamba iliyompima maiti inateremka naye."

"Inateremka naye," Yoramu alinong'ona.

"Mzungu alikuwa anapiga kelele nianze nyumba, upesi, upesi, na kamba nzuri ilikuwa hiyo moja. Nikaona hasara. Maiti hana haja nayo, nilisema. Nikaitia mfukoni, tukamfukia." Sila alijifuta uso. "Amekwenda bila kipimo chake, Yoramu. Anakitafuta. Kila anayelala mle anampima, anamkata kidogo, na haimtoshi. Nilipofahamu, niliitundika mle mle ili isitoke. Ilikuwa nyumba moja tu... Sasa wewe umefanya safu nzima."

"Basi tumpelekee kaburini!"

"Kaburi liko wapi? Tuta la reli limepita juu yake. Gari la moshi linapita hapo kila juma."

Ndani mtoto alicheka. Ruthu alikuwa anamwimbia.

"Twende tukawaambie watu watoke," Sila alisema. "Leo. Mimi nitakiri langu mbele ya Mzungu, wewe lako. Wabomoe. Tutajenga tena, kwa udongo ule ule, tutapima kwa ubao. Hatutapoteza kitu."

Hatutapoteza kitu! Yoramu aliwaona watu wanabeba mikeka yao kutoka nyumba zake. Alimwona Ruthu anarudi kwenye moshi. Akamwona Mzungu ameshika kiuno, anaita jina lile lile la zamani. Kitu kilichokuwa kimelala ndani yake kikainua kichwa.

"Unaona wivu," akamwambia Sila.

Sila hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Mtoe basi mtoto," alisema. "Huyo tu. Mpeleke kwa bibi yake."

"Niachie nyumba yangu."

Sila akaondoka, kichwa chini. Baada ya siku chache Yoramu alisikia ameaga, amekwenda kutafuta kazi upande wa Kilimatinde.

*

Bibi hakuitwa kuja kulegeza uzi. Alingoja mpaka mavuno yakaisha, mwisho akaja mwenyewe na kikapu cha uwele na shanga za kuongeza. Ilikuwa jioni. Ruthu alikuwa anapika nje. Yoramu alikaa mlangoni. Ndani kulianza kunukia udongo, kama kila jioni. Walikwisha kuizoea harufu hiyo, wakasema ni kuta kupumua.

Bibi akampakata mjukuu wake. Mtoto alikuwa mzima kabisa, mnene wa mashavu, anacheka na meno mawili. Bibi alimpindua ili afungue uzi.

Vidole vyake vikasimama.

"Ruthu," aliita. "Nani ameuongeza uzi huu?"

"Hakuna, mama. Tulikuwa tunakungoja wewe."

Bibi aliuvuta uzi. Ulitoka mbali na kiuno, ukapitisha kiganja chake chote, kikageuka ndani yake. Zilikuwa shanga zile zile, na fundo lile lile alilolifunga yeye siku ya kuzaliwa.

"Lakini siku ile ulimkaa..." alisema.

Ukutani, kamba ilikuwa inajikunjua kutoka kigingini. Polepole. Shhh...

Yoramu aliruka. Alimnyakua mtoto, akamsukuma mama yake mlangoni, akamshika Ruthu mkono, wakakimbia mpaka katikati ya uwanja, mbele ya nyumba zile zote nzuri zisizo na ufa, zenye moto wa jioni ndani yake na watu wanaojiandaa kulala. Alitaka kuwapigia kelele watoke. Alitaka kuita msaada. Lakini jina lililomtoka kinywani lilikuwa moja tu, lile alilolichukia kulisikia likiitwa.

"Sila! Sila!"

Sila alikuwa mbali, Kilimatinde. Mlango wa nyumba ya mwisho ulikuwa wazi, ndani giza. Na kutoka mle, na kutoka ya jirani, na kutoka ya jirani yake, kwa uchovu, bila hasira, akajibiwa.

"Bado..."